Vijana Wetu na Kiarabu cha Ugenini

Mwezi wa Shaaban uliopita niliitwa na Sheha wa shehia moja ya kaskazini ya Pemba nihudhurie kikao cha suluhu. Pande mbili za ukoo mmoja zilikuwa zikigombania mikarafuu isiyozidi arubaini na kisima kilicho katikati yake. Upande mmoja ulidai kwamba mali ile ni urithi, igawiwe kwa wenyewe. Upande wa pili ulishikilia kwamba ni wakfu wa msikiti tangu zama za mababu, haiuzwi wala hairithiwi. Maneno yalikwisha kuwa makali, na ndugu wa damu walikuwa hawajibizani salamu. Ndipo bibi mmoja mkongwe alipotoa ndani ya mkoba wake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi nne zilizokunjwa, kingo zimeliwa na wadudu na wino umegeuka rangi ya kutu. Ilikuwa hati yenyewe, nayo imeandikwa kwa Kiarabu kitupu.

Tulikuwa watu kumi na saba katika barza ile. Hapana hata mmoja wetu ambaye hakusoma chuo utotoni. Wengi tumehitimu msahafu, na wawili walikuwa maimamu. Karatasi ilizunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akaitazama kwa heshima, akaibusu aliyeibusu, kisha ikarudi kwa bibi kama ilivyotoka.

Kwa bahati alikuwapo kijana mmoja, mzaliwa wa mjini Unguja ambaye mama yake ni wa pale, aliyerejea karibuni kutoka masomoni nchi za Kiarabu na shahada nzuri ya lugha. Alipewa hati. Alianza vizuri, akasoma Bismillahi na shukrani za mwanzo bila ya kusita, kisha akafika mahali palipoandikwa kwamba mali hiyo iko katika al-Jazira al-Khadhra. Hapo alinyamaza. Alipoulizwa, alisema kwa adabu kwamba hilo ni jina la mji wa Hispania, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Andalusi, na kwamba yeye haelewi mikarafuu ya shehia hii ina uhusiano gani na Hispania.

Mzee mmoja aliyekuwa amejiegemeza nguzoni alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," alisema, "al-Jazira al-Khadhra si ndiyo hii ambayo umetandika jamvi ukaikalia?"

Kijana alisema kweli na mzee alisema kweli. Mji wa Algeciras huko Hispania umepata jina lake kutokana na maneno hayo hayo ya Kiarabu, yaani Kisiwa cha Kijani, na Waarabu wa bahari yetu kwa karne nyingi wameiita Pemba kwa jina hilo hilo. Mmoja alijifunza la kwanza darasani, mwingine alilirithi la pili kwa wazee wake. Kikao kilivunjika bila ya kufika ukurasa wa pili, kwani mbele zaidi hati imejaa majina ya vitongoji na ya watu wa hapa yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu bila ya irabu, na nyingine bila ya nukta, na kijana hakuweza kuyatambua. Mzee angeyatambua, lakini macho yake yameingia ukungu, tena yeye mwenyewe alikiri kwamba alifundishwa kufahamu vitabu vilivyopigwa chapa, si mwandiko wa mkono wa makarani wa zamani.

Siyaelezi haya kwa kumdhihaki kijana yule, ambaye ni hodari na mnyenyekevu. Nayaeleza kwa sababu kila mwaka vijana wa visiwa hivi hufunga mizigo kwenda kusoma Kiarabu, wengine kwa nafasi zinazopitia Serikalini, wengine kwa fadhila za taasisi na jamaa, nasi tunawaaga kwa dua na kurudi zetu nyumbani tukiamini kwamba wanakwenda kumalizia kitu walichokwisha kukianza. Kosa limo katika imani hiyo. Tunadhani kwamba Kiarabu ni kitu kimoja, na kwamba mtoto wa Kizanzibari anakwenda na nusu yake tayari mfukoni. Mimi nilikwenda na imani hiyo hiyo, na ilinigharimu mwaka mzima.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri. Alizaliwa hapa hapa visiwani, wala Hadhramaut hakuiona kwa macho yake, lakini Kiarabu cha baba yake alikuwa nacho, na alipokuwa akituita sisi wajukuu, akitukemea, au akihesabu fedha zake, alitumia lugha hiyo. Kwa hivyo nilikua nikisikia. Jioni nilikwenda chuoni kwa Mwalimu, ambako nilipitia juzuu zote thelathini kwa bakora na kwa mapenzi. Asubuhi nilikwenda skuli ya Serikali, na huko pia Kiarabu kilikuwa somo. Mwaka 2003 nilipopata nafasi ya kwenda Cairo, watu wa mtaani walinihesabu kuwa mimi ni Mwarabu ninayekwenda kuwatembelea Waarabu wenzangu.

Siku ya kupimwa, mwalimu wa taasisi niliyopelekwa alinipa msahafu na kuniambia nisome. Nilisoma. Sijui kama nimewahi kusoma vizuri kuliko siku ile. Kila herufi niliitoa mahali pake kama Mwalimu wetu alivyotufunza, nayo ain ilitoka kooni na dhadi ilitoka pembeni mwa ulimi. Mwalimu yule alifumba macho. Nilipokwisha alisema, "Mashaallah, bila ya shaka nyumbani kwenu mnazungumza Kiarabu." Nikajibu kwamba bibi yangu ni wa Hadhramaut. Hakuniuliza jambo jingine. Aliandika jina langu katika darasa la nne, ambalo wanafunzi wake walikuwa wakisoma magazeti na kuandika insha.

Msomaji aliyesoma chuo ataelewa kilichonipata. Msahafu una irabu zote: kila herufi ina fat-ha yake, kasra yake au dhumma yake, na anayesoma hahitaji kujua maana ili atamke sawasawa. Gazeti la Cairo halina hata moja. Neno lina mifupa tu, na nyama huwekwa na msomaji mwenyewe, kutokana na kuijua lugha. Mimi niliyemsomea Mwalimu msahafu mara tatu kutoka mwanzo hadi mwisho sikuweza kusoma kichwa cha habari. Nilikuwa na sauti ya lugha bila ya lugha yenyewe, na kwa kuwa sauti hiyo ilikuwa nzuri, hapana aliyenishuku mpaka siku ya mtihani.

Masikio nayo yalinidanganya. Katika muhadhara mzima nilikuwa nikidaka maneno kama mtu anayedaka maembe yanayoanguka: siasa, waziri, dola, sheria, tarikh. Kiswahili chetu kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu, hata anayesikiliza hudhani kwamba anafahamu. Lakini neno likishahamia nyumba nyingine hubadili tabia. Nilikaa wiki nzima nikidhani kwamba mhadhiri anatufundisha tarehe, kumbe tarikh kwao ni historia pia, nayo ndiyo iliyokuwa somo letu. Taarifa iliyobandikwa ukutani niliisoma nikitafuta habari, kumbe ilikuwa orodha ya bei. Siku moja nilisimama mbele ya mkutubi nikasema tafadhali, nikataja kitabu ninachokitaka. Alinyoosha mkono akangoja. Nami nikangoja. Kwao tafaddal husema mtu anayetoa, akimkaribisha mwenzake apokee. Yule bwana alikuwa akisubiri nimkabidhi kitabu, nami nasubiri anikabidhi. Tulisimama vile kama sanamu mbili mpaka mwanafunzi wa Kichina aliyekuwa nyuma yangu akatuamua, na Kiarabu chake kilikuwa safi kuliko changu, kwa sababu yeye alianzishwa darasa la kwanza.

Nikadhani basi Kiarabu cha Bibi kitanisaidia mitaani. Huko ndiko nilikopata hasara ya fedha. Nilitafuta chumba muda wa wiki tatu, na hatimaye nilifika kwa mwenye nyumba mmoja, mtu mzima mwenye uso wa heri, nikamweleza shida yangu kwa maneno ya Bibi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mashi." Niliinamisha uso, nikamshukuru, nikaondoka. Maana Bibi yangu alipokuwa akisema mashi alikuwa na maana ya kwamba hakuna, kitu hakipo, nenda zako. Nilikuwa nimefika mwisho wa kichochoro niliposikia mtu ananiita kwa sauti kubwa. Huko Misri mashi maana yake ni sawa, tumekubaliana. Mwenye nyumba alishangaa kumwona mpangaji anayepewa chumba akakimbia, na nadhani kwa kunishuku aliongeza kodi.

Aidha kafu niliyofunzwa kuitoa ndani ya koo, watu wa Cairo huimeza katika mazungumzo yao ya kila siku ikawa kama haipo. Jimu wanaitamka kama ga yetu. Na mkate, ambao nilikuwa nikiuita khubz kama ilivyo vitabuni, wao huuita eish. Nilipolijua neno hilo la mwisho nilifurahi, kwani ni ukoo mmoja na neno letu maisha. Anayeuza mkate Cairo anauza uhai wenyewe. Lakini furaha ya namna hiyo huja baada ya miezi, na mwanafunzi hupimwa kabla yake.

Nilirudishwa darasa la pili. Mwaka ukapotea, na pamoja nao fedha ya umma.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba tulikuwa wa namna mbalimbali. Alikuwapo kijana wa kwetu ambaye kwao walizungumza Kiarabu tangu uji wa asubuhi, naye alikuwa akibishana na madereva wa teksi na kuwashinda, lakini hakujua kuandika barua ya mistari mitano. Kwa kuwa hakuweza kuandika, alitiwa katika darasa la alifu na be pamoja na wageni waliokuwa hawajasikia neno la Kiarabu maishani mwao. Alichoka, akaacha kuhudhuria, akaonekana mvivu. Alikuwapo mwingine, mtoto wa darsa za msikitini, aliyehifadhi Ajurumiya yote na kuweza kueleza kwa nini Zaidi aliyempiga Amri hupewa dhumma na Amri aliyepigwa hupewa fat-ha; huyo alipokwenda sokoni kununua nyanya alinyoosha vidole kama bubu. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha urithi, na kila mmoja alipimwa kwa kipande alichokuwa nacho au kwa kile alichokikosa, si kwa vyote viwili.

Hali hii si ngeni katika visiwa hivi, wala haikuletwa na uvivu wa vijana wa leo. Bibi Salma binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza kwamba baba yake Sayyid Said alitaka mbele yake kisemwe Kiarabu tu; lakini nyuma yake jumba lilijaa lugha za kila aina, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hata katika nyumba ya mtawala mwenyewe, basi, kabla ya mwaka 1856 alipofariki, Kiarabu kilikuwa kikihitaji amri ili kisemwe. Ameeleza pia kwamba wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika, naye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mtu anaweza kuona hapo kwamba kusoma pasipo kuandika ni ada ya zamani kwetu.

Ni kweli vile vile kwamba kulikuwa na watu waliokimiliki Kiarabu kwa ukamilifu. Sayyid Barghash alileta mtambo wa kupigia chapa, na tangu miaka ya 1880 vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vilitoka Zanzibar kwenda kusomwa na Waarabu wenyewe. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisafiri hadi Hadhramaut, Hijazi, Misri na Istanbul, akarudi Unguja kuwa kadhi. Rafiki yake Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikwenda Hadhramaut na kurejea kusomesha Ukutani. Hawa walikwenda ugenini wakiwa wamekwisha kupikwa nyumbani. Safari iliwaongezea, haikuwaanzisha. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912, mwalimu wa skuli za Serikali, elimu yake ya Kiarabu aliipata hapa hapa kwa masheikh wa mji, hata akaweza kuifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili, kazi iliyotoka kamili mwaka 1969.

Wapo tena ndugu zetu walioishi upande wa pili wa jambo hili. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, wengi wa waliotoka Zanzibar na bara walishuka Maskati wakiwa na nasaba isiyo shaka na Kiarabu chenye shaka kubwa. Majumbani mwao walikuwa wakizungumza Kiswahili, na kukizungumza hawajaacha mpaka leo. Kiingereza chao na elimu yao ya skuli viliwapatia kazi katika ofisi mpya, lakini Kiarabu wengi walikaa chini kukisoma ukubwani, huku wenyeji wakiwaita Wazanzibari. Mtu anaweza kuwa Mwarabu kwa babu saba na bado akahitaji mwalimu wa Kiarabu. Nasema haya ili kuondoa dhana, iliyopo hata katika baadhi ya ofisi zetu, kwamba lugha huja pamoja na damu, na kwamba jina la ukoo katika fomu ya maombi ni ushahidi wa ujuzi. Nimewahi kukaa katika kamati iliyokuwa ikichagua vijana, na nimeyasikia kwa masikio yangu maneno "huyu ni wa kwao, hatapata taabu". Kijana mwenzake kutoka Makunduchi, ambaye hana babu Mwarabu hata mmoja lakini alikuwa wa kwanza katika somo lenyewe, akaachwa. Hilo ni dhulma kwa wote wawili.

Linalonifanya niandike sasa ni kwamba njia za zamani zimepungua. Khartoum ilikuwa mlango mkubwa kwa Waafrika. Taasisi ya kufundishia walimu wa Kiarabu kwa wasiokuwa Waarabu ilifunguliwa huko mwaka 1974, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kimepokea Watanzania wengi. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilianza ndani ya mji wenyewe, na siku zile Serikali yetu ililazimika kuwaondoa vijana wetu kwa njia ya nchi kavu hadi Ethiopia, kisha kuwarudisha nyumbani kwa ndege. Wengine walirudi na begi la mgongoni tu, vyeti vimebaki Sudani. Tarim, ambako wengi wa kwetu hwenda kwa mapenzi ya masheikh wake, iko katika nchi isiyokwisha misukosuko tangu mwaka 2014. Zimebaki Misri, Saudia, Omani na nyinginezo, na nafasi zake hazitoshi wanaozitaka. Kitu kikiwa adimu hapana budi kitumiwe kwa akili.

Na kazi ipo inayowangoja. Katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimo hati na vitabu vya Kiarabu ambavyo mwaka 2003 viliingizwa na UNESCO katika rejista yake ya Kumbukumbu za Dunia. Ni heshima kubwa kwa nchi ndogo. Lakini heshima hiyo inahitaji wasomaji wa kwetu, wanaojua kwamba Jazira al-Khadhra ni Pemba, wanaoweza kutambua jina la Mtambwe au la Kiuyu katika mwandiko wa karani aliyekosa herufi za kuandikia sauti zetu, kwani Kiarabu hakina pe, hakina che, hakina ve, na kila karani alitafuta hila yake. Mtaalamu wa Cairo au wa Leiden, hata awe bingwa namna gani, hapo hukwama. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Mahakama za Kadhi, na masheha wetu wanaoamua ugomvi wa mipaka, wote wanazihitaji karatasi hizi zisomwe, na zisomwe na mtu ambaye hana upande.

Kwa hiyo napenda kuwaambia wakubwa wanaohusika, kwa heshima yote, kwamba kijana asipandishwe ndege kabla hatujajua ana Kiarabu gani. Asomeshwe msahafu, ndiyo, lakini pia apewe gazeti lisilo irabu. Aambiwe azungumze na mtu robo saa. Aandike ukurasa mmoja mbele ya macho yetu. Mtihani huo hauhitaji fedha za kigeni. Unahitaji walimu wawili na chumba, na walimu tunao: wamo katika Chuo Kikuu cha Taifa, wamo Tunguu na Chukwani, wamo katika skuli zetu za sekondari, wengi wao wamerejea kutoka huko huko. Matokeo yaandikwe katika karatasi na kijana aende nayo, amwonyeshe mwalimu wa kule kabla hajapewa msahafu akaimba kama nilivyoimba mimi.

Kisha akae nyumbani miezi sita na afundishwe kile anachokikosa, kwa Kiswahili. Nasisitiza kwa Kiswahili. Tumezoea kudhani kwamba Kiarabu hufundishwa vyema kwa Kiarabu chenyewe tangu siku ya kwanza, au, katika skuli nyingine, kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiingereza, vinavyoeleza kwa kurasa tatu mambo ambayo Mswahili anayo tayari, na kuyapita kimya mambo yanayompoteza. Hapana kitabu cha Kiingereza kitakachomwonya mtoto wa Wete juu ya neno tafadhali. Hapana kitakachomwambia kwamba sita, saba na tisa anazo, na kwamba zilizobaki hapo katikati azitafute. Walimu wetu wakikaa pamoja wanaweza kuandika kitabu kama hicho kwa mwaka mmoja, na TAKILUKI, iliyoundwa mwaka 1978 kwa ajili ya Kiswahili na lugha za kigeni na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu, ndiyo pahali pake hasa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini kada wa Chama ajishughulishe na Kiarabu. Wengine katika visiwa hivi, kwa sababu za historia ambazo kila mtu anazijua, bado wanaiona lugha hiyo kuwa ni bendera ya watu fulani. Nawajibu kwamba mikarafuu arubaini ile haikuwa ya watu fulani. Waliokuwa wakiigombania ni wakulima wanachama wa tawi langu, na waliokuwa wakiteka maji katika kisima kile ni shehia nzima. Hati ikikosa msomaji, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na mara nyingi mwenye sauti kubwa ni mwenye fedha.

Kijana wetu hakukata tamaa. Siku ya pili yake alikwenda kwa mzee yule baada ya swala ya alasiri, akamwomba radhi kwa Hispania, na tangu hapo wanakaa pamoja siku za Jumatatu na Alkhamisi. Kijana husoma herufi moja moja kwa sauti, mzee anasikiliza akiwa amefumba macho yake ambayo hata hivyo hayaoni, na inapofika jina la kitongoji hulitaja kabla kijana hajalimaliza. Mwaka wa hati wamekwisha kuupata: ni 1312 Hijria, yaani kama 1894 au 1895. Jina la aliyeweka wakfu wamelipata, na la msikiti pia. Kisima kimetajwa. Mpaka wa kusini umetajwa kwa mti wa mbuyu ambao haupo tena, na mzee anasema anajua ulipokuwa, kwa sababu baba yake alimwonyesha kisiki. Ukurasa wa nne, ambao una majina ya mashahidi na masharti ya mwisho, umelika zaidi, nao bado hawajaufikia. Sheha ameahirisha kikao mpaka watakapoumaliza, na pande zote mbili zimeafiki kungoja. Karafuu za mwaka huu zitachumwa kwa pamoja na fedha yake kuwekwa kwa Imamu.